Mgeni Njoo, Bunge Lipone

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, sheria zake na jumba lake la bunge. Katika nchi hiyo wapo wasafiri waliojiwekea nia ya kuyaona majumba hayo yote. Hupanga likizo zao kwa kufuata ramani ya miji mikuu ya majimbo, na ramani hiyo huwafikisha mahali ambapo watalii wengi hawana habari napo: Albany badala ya jiji la New York, Springfield badala ya Chicago, Sacramento badala ya Los Angeles, na hatimaye Juneau kule Alaska, mji mkuu ambao hakuna barabara inayouunganisha na sehemu nyingine za nchi, ukitaka kufika ni kwa ndege au kwa meli. Baadhi yao hubeba kitabu kidogo cha kugongewa muhuri kila wanapoingia. Mtu akiitazama desturi hii kwa haraka ataiona kuwa mchezo wa kuhesabu majengo, burudani isiyo na uzito kando ya kazi halisi inayofanyika ndani yake. Makala hii inashikilia kinyume chake. Majumba hayo yalijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu anayeingia kutoka nje. Mahali yalipowekwa, umbo lake, gharama zake, hata kashfa zake, havielezeki bila mtu huyo. Tena haki ya kuingia haikugawiwa kwa watu wote siku moja. Wengine waliipata kwa kukamatwa na polisi. Kwa hiyo anayezunguka majimbo akipita katika milango hiyo anaendeleza desturi iliyo na umri mkubwa kuliko nchi yenyewe, na desturi hiyo hudumu kwa kutumiwa.

Tuanze na mlango. Katika karne ya 18 haikuwa kawaida kwa bunge kufanya kazi mbele ya macho ya watu. Huko London, kuchapisha maneno yaliyosemwa bungeni kulihesabiwa kuwa kosa dhidi ya heshima ya bunge, na mgeni aliyekaa kusikiliza alikaa kwa hisani tu. Mwaka 1766, wakati makoloni yakigombana na serikali ya Uingereza juu ya kodi, baraza la Massachusetts liliamua kutenga roshani katika ukumbi wake wa Boston ili wananchi waketi na kusikiliza mijadala. Miaka kumi baadaye Pennsylvania ilikwenda mbali zaidi. Katiba yake ya mwaka 1776 iliagiza milango ya nyumba ya wawakilishi iwe wazi kwa kila mtu mwenye mwenendo wa adabu, isipokuwa pale tu ustawi wa dola utakapolazimu ifungwe. New York iliandika sharti kama hilo katika katiba yake ya mwaka 1777. Haya yalikuwa maamuzi ya majimbo, na yalitangulia yale ya taifa: mkutano ulioandika Katiba ya Marekani mwaka 1787 ulifanyika faraghani, na Seneti ya taifa iliendelea kukutana bila wasikilizaji hadi mwaka 1795. Kwa maneno mengine, wazo kwamba mwananchi asiye na cheo anaweza kuingia katika nyumba ya sheria bila kuomba ruhusa ya mkubwa lilikomazwa kwanza majimboni. Jumba la bunge la jimbo ni mtoto wa wazo hilo.

Wazo hilohilo ndilo lililoamua majumba yasimame wapi. Leo msafiri hushangaa kuona mji mkuu wa jimbo ukiwa mdogo, mbali na bandari na biashara kubwa. Haikutokea kwa bahati. Baada ya uhuru, wakulima wa bara walilalamika kwamba mabunge yaliyokaa pwani yalikuwa mikononi mwa matajiri wa pwani, kwa kuwa mtu wa mbali alihitaji siku nyingi juu ya farasi ili kupeleka shauri lake au kumsikiliza mbunge wake. South Carolina iliondoa serikali Charleston na kuanzisha mji mpya wa Columbia katikati ya jimbo mwaka 1786. North Carolina iliuchora mji wa Raleigh mwaka 1792. Pennsylvania ilitoka Philadelphia ikaenda Lancaster mwaka 1799, kisha Harrisburg mwaka 1812. Indiana iliteua mwaka 1820 eneo lililokuwa karibu kabisa na kitovu cha jimbo, mahali ambapo hapakuwa na mji, na ndipo Indianapolis ilipozaliwa. Ni kweli kwamba walanguzi wa ardhi walichuma faida katika uhamishaji huu, na wanasiasa walipigania miji yao kwa sababu ambazo hazikuwa safi zote. Hata hivyo, hoja iliyosemwa hadharani, ile iliyowashinda wapinzani, ilikuwa ni ya umbali: bunge liwekwe mahali ambapo mwananchi wa kila upande anaweza kulifikia. Msafiri wa leo anayepita Chicago na kuelekea Springfield anafuata njia iliyopangwa kwa ajili ya mkulima wa karibu miaka mia mbili iliyopita.

Umbo nalo lilikusudiwa kusomwa na mgeni. Jumba la Annapolis huko Maryland, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1772, ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika bado kwa kazi ya kutunga sheria. Humo George Washington alijiuzulu ukuu wa jeshi tarehe 23 Desemba 1783, jenerali mshindi akirudisha madaraka kwa raia, na tendo hilo lilifanyika mbele ya watazamaji waliojaa ukumbini. Katika Virginia, Thomas Jefferson aliuchukua mfano wa hekalu la Kirumi la Nîmes nchini Ufaransa, akishirikiana na mbunifu Charles-Louis Clérisseau, na jiwe la msingi likawekwa Richmond mwaka 1785. Mwaka huohuo alimwandikia rafiki yake James Madison akitetea gharama za ubunifu huo: jengo la umma, kwa maoni yake, ndilo darasa ambamo wananchi wangejifunza uzuri wa usanifu, kwani wengi hawakuwa na nafasi ya kuuona mahali pengine. Katikati ya jumba hilo kuna sanamu ya Washington iliyochongwa na Mfaransa Jean-Antoine Houdon, aliyevuka bahari ili kumpima Washington mwenyewe. Kule Boston, Charles Bulfinch alikamilisha jumba la Massachusetts mwaka 1798 na kuliweka juu ya kilima ili lionekane kutoka mbali. Ndani ya ukumbi wa wawakilishi wake amening'inizwa samaki wa mbao, chewa, kuwakumbusha wote wanaoingia kwamba utajiri wa kwanza wa jimbo ulitoka kwa wavuvi. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachohitajika ili kupiga kura juu ya muswada. Vimewekwa kwa ajili ya macho ya mtu mwingine.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote umo chini ya kuba. Mnamo mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, sanamu ya Uhuru ilipandishwa juu ya kuba mpya ya chuma ya jumba la bunge la taifa mjini Washington. Philip Reid, mtu aliyekuwa mtumwa, alishiriki katika kazi ya kuisubu. Vita vilipokwisha mwaka 1865, kuba ile ilikuwa imekwisha kuwa alama ya nchi iliyokataa kugawanyika, na majimbo yakashindana kuiga. Elijah Myers alibuni jumba la Michigan lililozinduliwa tarehe 1 Januari 1879, kisha la Texas lililokamilika mwaka 1888, kisha la Colorado. Kuba ya Texas inapita ile ya Washington kwa urefu, na ya Illinois hufika futi 361. Sasa tujiulize: chini ya kuba hizi kuna nini? Wabunge huketi katika kumbi za pembeni, gavana yuko katika ofisi yake, makarani wako katika vyumba vyao. Chini ya kuba pana ukumbi wa mviringo usio na kiti wala meza, wala kazi yoyote iliyoandikwa katika sheria. Sehemu iliyo ndefu kuliko zote, tena iliyopambwa sana, iliachwa wazi kwa mtu anayesimama, anayetazama juu, kisha anayeamua aende upande gani. Jumba ambalo lingejengwa kwa ajili ya wabunge pekee lisingekuwa na ukumbi huu. Ukumbi huu ndio hati ya mgeni, imeandikwa kwa mawe.

Jengo linaloonwa na kila mtu huzaa pia swali la kila mtu: fedha zimekwenda wapi? New York ilianza jumba lake la Albany mwaka 1867 na ikalitangaza kuwa limekamilika mwaka 1899, baada ya miaka 32, wabunifu kubadilishwa zaidi ya mara moja na dola milioni 25 kutumika, kiasi kilichopita gharama za jumba la taifa. Pennsylvania ilipata somo chungu zaidi. Jumba lake la awali liliungua mwaka 1897, na jipya likazinduliwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1906 kwa sifa nyingi. Muda si mrefu mweka hazina wa jimbo, William Berry, alifichua kwamba jengo lililokuwa na mkataba wa takriban dola milioni nne lilikuwa limegharimu karibu milioni 13, kwa sababu samani ziliuzwa kwa serikali kwa kipimo cha futi na taa za kuning'iniza kwa uzito wa ratili, kiasi kwamba kila kitu kilipofanywa kizito na kikubwa zaidi bei ilipanda. Mbunifu wake, Joseph Huston, alifungwa. Upande wa pili wa hesabu hii yapo majimbo yaliyoona fahari kulipa sawasawa. Michigan ilijulikana kwa kumaliza jumba lake bila kuvuka bajeti, na Nebraska ililijenga lake kati ya mwaka 1922 na 1932 kwa kulipia kila hatua fedha zilipopatikana, kwa gharama ya karibu dola milioni 10, bila kubaki na deni. Wizi wa aina ya Harrisburg hutokea katika ofisi na ghala pia, lakini humo hufichika. Katika jumba ambalo mlipakodi yeyote anaweza kuingia na kuigusa meza iliyonunuliwa kwa jina lake, swali haliwezi kuzuiwa kwa muda mrefu.

Wapo wanaopinga desturi hii kwa kusema kwamba majumba yenyewe yanafanana mno: kuba, nguzo, ngazi, sanamu ya gavana wa zamani, na aliyeona matano ameona hamsini. Pingamizi hili lina kiini cha ukweli, lakini mfanano wenyewe una tarehe na sababu, na tumekwisha kuziona: ni alama ya kizazi kilichotoka vitani. Anayesafiri kwa makini ataona pia mahali ambapo mfanano huo ulivunjwa. Bertram Goodhue aliipa Nebraska mnara wa futi 400 unaoonekana kutoka mbali katika tambarare, na juu yake ikawekwa sanamu ya mpanzi wa mbegu. Huey Long, gavana wa Louisiana, alijenga mjini Baton Rouge jumba la ghorofa 34 lenye kimo cha futi 450 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1935 alipigwa risasi ndani ya jumba hilohilo, na amezikwa mbele yake. New Mexico ilizindua mwaka 1966 jumba la duara linalofuata alama ya jua ya Wazia, jamii ya wenyeji wa asili wa eneo hilo. Hawaii ilifungua mwaka 1969 jumba lisilo na kuba kabisa, ambalo katikati yake ni uwazi wa mbingu, nguzo zake zimeinuka kama minazi na maji yamelizunguka kama bahari inavyozunguka visiwa. Alaska inatumia jengo la kawaida la ofisi lililojengwa na serikali kuu mwaka 1931, wakati Alaska ilipokuwa bado si jimbo. Kila moja linasema jambo kuhusu watu waliolijenga walipotaka kujieleza kwa wageni. Mtu hawezi kuupima mfanano wala tofauti kwa kuliona moja. Lazima azunguke, na kuzunguka huko ndiko kunakodharauliwa bila sababu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na haliwezi kujibiwa kwa kutaja uzuri. Linasema kwamba majumba haya ni matunda ya dhuluma, na kuyatembelea kwa furaha ni kuipamba dhuluma hiyo. Ushahidi wake ni wa kweli. Mawe ya chokaa ya jumba la Nashville, lililojengwa kati ya mwaka 1845 na 1859, yalichimbwa na kubebwa na watumwa na wafungwa. Jumba la Texas liligharamiwa kwa ardhi: jimbo liliwapa wajenzi ekari milioni tatu za kaskazini, eneo ambalo Wakomanchi na jamii nyingine za wenyeji walikuwa wameondolewa kwa nguvu miaka michache kabla, na graniti yake ilichimbwa na wafungwa wakati wachonga mawe wa chama cha wafanyakazi walipogoma kwa sababu hiyo. Arkansas ilianza jumba lake mwaka 1899 juu ya kiwanja cha gereza, kwa mikono ya wafungwa. Kule Montgomery, Alabama, Jefferson Davis aliapishwa Februari 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, na ndani ya jumba hilohilo zimo ngazi za kuzunguka zinazohesabiwa kuwa kazi ya Horace King, fundi mweusi aliyezaliwa utumwani. Jumba la Hawaii liko jirani na kasri la Iolani, ambako utawala wa Malkia Liliʻuokalani ulipinduliwa mwaka 1893 kwa msaada wa askari wa Marekani waliotua kutoka melini. Anayeyajua haya hawezi kusimama chini ya kuba akaona usafi mtupu.

Lakini hitimisho la kwamba ni afadhali kukaa mbali halifuati kutoka kwenye ushahidi huo. Wale waliodhulumiwa hawakutaka kukaa mbali na majumba haya. Walidai kuingia. Mwaka 1868 wabunge weusi wa Georgia waliochaguliwa kihalali walifukuzwa bungeni kwa sababu ya rangi yao, hata kabla jumba la sasa la Atlanta halijajengwa, na walirudishwa mwaka 1870 baada ya serikali kuu kuingilia kati. Tarehe 2 Machi 1961 vijana weusi wa South Carolina walikwenda kwa miguu hadi katika viwanja vya jumba la bunge la Columbia kupinga ubaguzi, na 187 kati yao wakatiwa hatiani kwa kuvunja amani. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1963 ilifuta hukumu hizo na kusema kwamba kukusanyika kwa utulivu mbele ya nyumba ya bunge na kutoa malalamiko ni haki ya msingi. Tarehe 25 Machi 1965 maandamano yaliyotoka Selma yalimalizikia mbele ya jumba la Montgomery, na Martin Luther King akahutubia umati chini ya ngazi za jumba hilohilo Davis alikoapishwa, huku gavana George Wallace akiwa hataki kuwapokea. Watu hawa walielewa kwamba nyumba ya sheria ambayo huruhusiwi kuikaribia haiwezi kukutungia sheria ya haki. Kutembelea, kwao, kulikuwa dai la uraia.

Hapo ndipo methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone inapopata maana yake kamili. Waliozuiwa walipoingia, nyumba zenyewe zilianza kupona. Katika viwanja vya Georgia kuna sanamu iliyowekwa katika miaka ya 1970 kwa heshima ya wabunge waliofukuzwa mwaka 1868. South Carolina ilisimamisha mnara wa historia ya Waafrika wa Marekani mwaka 2001, na mwaka 2015, baada ya mauaji ya waumini weusi katika kanisa moja la Charleston, bendera ya majimbo yaliyojitenga ilishushwa kutoka viwanja vyake. Katika viwanja vya jumba la Arkansas zimesimama tangu mwaka 2005 sanamu za wanafunzi tisa weusi waliovunja ubaguzi katika shule ya sekondari ya Little Rock mwaka 1957. Katika bunge la Illinois aliketi kama seneta wa jimbo, kuanzia mwaka 1997 hadi 2004, Barack Obama, mtoto wa Mkenya kutoka Nyang'oma Kogelo, na mwaka 2007 alitangaza nia ya kugombea urais mbele ya jumba la zamani la Springfield, ambamo Abraham Lincoln alionya mwaka 1858 kwamba nchi haiwezi kudumu nusu ikiwa ya watumwa na nusu ya watu huru. Wapo watakaosema kwamba sanamu ni fidia ndogo, na hilo ni kweli. Sanamu hairudishi ekari wala miaka ya kifungo. Lakini alama hizi hazikuwekwa kwa ajili ya wabunge wanaozipita kila asubuhi wakielekea kazini. Zimewekwa kwa sababu mgeni atafika, atauliza, na jibu la zamani halimtoshi tena.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watu wanaojali demokrasia kwelikweli. Wanasema kwamba siasa ni mijadala, kura na bajeti, na mtalii anayepiga picha za marumaru wakati bunge halina kikao hajaona kitu. Jibu limo katika kalenda. Mabunge mengi ya majimbo hukutana sehemu tu ya mwaka, na manne, yaani ya Texas, Montana, Nevada na North Dakota, huwa na kikao cha kawaida mara moja tu katika miaka miwili. Kwa muda mrefu, basi, wanaolifanya jumba liendelee kuwa mahali pa umma ni wageni, waongozaji wao na makundi ya wanafunzi wanaoletwa na walimu. Humo watu hujifunza mambo ambayo mjadala wa siku moja haufundishi. Katika jumba la Kansas, mjini Topeka, kuna mchoro mkubwa wa John Steuart Curry unaomwonyesha John Brown, mpinga utumwa, mikono ameinyoosha, mmoja umeshika Biblia na mwingine bunduki. Wabunge na magazeti ya miaka ya 1930 na 1940 walimshutumu msanii kwa kulichafua jina la jimbo, na wabunge wakakataa kumwondolea mabamba ya marumaru ili aendelee na kazi, naye akaondoka bila kutia saini. Bunge hilo lilikuja kuomba radhi mwaka 1992. Leo picha hiyo huvuta watu Topeka. Mgeni asiyesikia hata hotuba moja akisimama mbele yake hujifunza kwamba jimbo linaweza kuikataa historia yake kwa nusu karne, kisha likaikubali.

Limebaki pingamizi la usalama, nalo haliwezi kupuuzwa. Aprili 2020 watu wenye bunduki waliingia katika jumba la Michigan wakipinga amri zilizotolewa kuhusu ugonjwa wa korona, na Januari 2021, baada ya uvamizi wa bunge la taifa, majumba mengi ya majimbo yalizungushiwa ua na kulindwa na askari. Kuna wanaouliza kama desturi ya milango wazi haijapitwa na wakati. Lakini wale waliotunga katiba ya Pennsylvania mwaka 1776 hawakuwa wajinga wa hatari. Waliandika katikati ya vita, na wakaweka sharti la adabu ndani ya sentensi ileile iliyofungua mlango. Tofauti kati ya mgeni na mvamizi ilijulikana tangu siku ya kwanza: mmoja huja kuona na kusikilizwa, mwingine huja kutisha. Mwaka 2011 maelfu ya wafanyakazi walijaza ukumbi wa chini ya kuba huko Madison, Wisconsin, wakilala humo kwa majuma wakipinga sheria iliyopunguza nguvu za vyama vyao. Walishindwa katika kura, na jumba halikuanguka. Kifaa cha kukagua silaha mlangoni kinapatana na katiba ya aina hiyo. Mlango uliofungwa kabisa haupatani nayo. Na mlango ambao hakuna anayeupita katika siku za amani ni rahisi sana kuufunga siku ya hofu, kwa sababu hatakuwepo wa kuuliza kwa nini.

Ndiyo maana msafiri anayezunguka majimbo 50 anastahili kuchukuliwa kwa uzito, na yeye mwenyewe anapaswa kujichukulia hivyo. Muhuri katika kitabu si kosa, na kufurahia kuba ya dhahabu si dhambi, kwani furaha hiyo ilikusudiwa na waliojenga. Lakini urithi alioupokea unamdai zaidi ya kutazama. Unamdai aulize katika kila jumba maswali matatu ambayo historia hii imeyazaa: nani alilipa, nani alijenga, na nani alizuiwa mlangoni. Majibu ya maswali hayo hayafanani hata pale kuba zinapofanana. Kule Michigan jibu la kwanza ni la fahari, kule Harrisburg ni la aibu. Kule Nashville jibu la pili ni watumwa. Kule Columbia jibu la tatu ni vijana 187. Majimbo yanaweza kuandika majibu hayo kwenye vibao vya ukutani au yakayaficha, na kinachoamua kwa kiasi kikubwa ni kama wapo watu wanaofika na kuyataka. Roshani ya Boston ya mwaka 1766 ilifunguliwa kwa imani kwamba wanaotunga sheria hutenda vizuri zaidi wakijua wanaangaliwa. Imani hiyo haijawahi kukanushwa, na haihitaji mjuzi wala mwanasiasa ili iendelee kufanya kazi. Inahitaji watu wa kawaida walio tayari kusafiri, kuingia, na kuuliza.